Maswali na Majibu: Mtandao wa Chakula Usiishie Kwenye Vikao

Barua za safari hii zimeandikwa na watu wanaovuta kamba moja: wakulima, wasindikaji, wasafirishaji, wapishi wa taasisi na maofisa lishe waliojiunga kwenye mitandao ili chakula kinacholimwa katika eneo lao kiwafikie watu wa eneo hilo kikiwa kizima, na mkulima abaki na kitu mkononi. Tumezifupisha bila kugusa maana yake.

Mwaka mzima wa vikao, kazi hatuioni

*Ndugu wahariri, mtandao wetu una wanachama 14. Wamo vyama vya wakulima, wasindikaji, msafirishaji mmoja, shule, hospitali na mashirika kadhaa. Tumekutana kila mwezi kwa mwaka mzima, tumeandika dira na dhamira, lakini hakuna hata gunia moja lililotoka kwa mwanachama huyu kwenda kwa yule kwa sababu ya mtandao. Siku hizi viongozi wanatuma wasaidizi wao kwenye vikao. Tumekosea wapi? Katibu wa mtandao.*

Ndugu katibu, mliwaomba watu 14 wakubaliane juu ya kila jambo kabla mmoja wao hajafanya jambo lolote. Mtandao hauendi hivyo. Unaanza pale watu watatu au wanne, kila mmoja kwa sababu yake mwenyewe, wanapohitaji jambo lile lile lifanyike wiki hii. Wengine watajiunga wakishaona mzigo unatembea.

Simamisheni vikao kwa mwezi mmoja. Muda huo utumie kumtembelea kila mwanachama kazini kwake, mmoja mmoja, kwa dakika 40 hivi, na maswali matatu tu. La kwanza: una kitu gani kinachokaa bure? Inaweza kuwa gari linalorudi tupu, chumba baridi chenye nafasi, au mashine inayofanya kazi siku mbili kwa wiki. La pili: unakosa nini kila wiki? La tatu: kati ya wanachama hawa, ni nani umefanya naye biashara au umepeana naye taarifa katika miezi mitatu iliyopita?

Majibu ya swali la tatu yachore kwenye karatasi kubwa: kila mwanachama duara, kila uhusiano mstari. Wanachama 14 wanaweza kuwa na mistari 91 (14 mara 13, gawanya kwa 2). Hesabu mliyonayo. Kinachoonekana mara nyingi ni mistari mingi kumwendea katibu na michache sana kati ya wanachama wenyewe, kama baiskeli yenye kitovu na spoku bila rimu. Mchoro wa namna hiyo unaeleza kwa nini kazi hulala katibu akiugua. Weka karatasi hiyo, uichore tena baada ya miezi sita. Mistari mipya kati ya wanachama ni kipimo kizuri kuliko idadi ya vikao mtakavyokuwa mmefanya.

Kisha rudi kwenye majibu ya swali la kwanza na la pili, utafute mahali ambapo kinachokaa bure kwa mmoja ndicho anachokosa mwingine. Chagua jambo moja: zao moja, upande mmoja wa wauzaji, msafirishaji mmoja, mnunuzi mmoja, kwa wiki 12. Liandikwe kwenye ukurasa mmoja ambao mtu aliye ghalani anaweza kuusoma akiwa amesimama. Ukurasa huo utaje zao na daraja lake, kiasi cha chini na cha juu kwa wiki, siku na saa ya kupakia, mizani itakayotumika, bei au kanuni ya kuipata, siku za malipo, mtu wa kupigiwa simu mambo yakiharibika, na tarehe ya mwisho wa majaribio.

Makubaliano haya huvunjikia mahali pawili zaidi ya pengine popote. Pa kwanza ni kwenye kiasi. Mkiandika "kulingana na upatikanaji", mpishi hawezi kupanga chakula cha Jumatano na mkulima hajui avune nini Jumanne. Andikeni namba, hata kama ni ndogo. Pa pili ni mizani. Mzigo unapimwa shambani kilo 500, ukifika ghalani unasoma 488. Mboga zimepoteza maji njiani, na huenda mizani mojawapo ina kasoro, lakini wanaosimama pale wanaona wizi. Kabla ya mzigo wa kwanza, kubalianeni kwamba mizani ya mapokezi ndiyo inayohesabika, kwamba inajaribiwa kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana mbele ya mwakilishi wa wakulima, na kwamba upungufu hadi asilimia 2 ni wa kawaida na haujadiliwi. Kilo 12 katika 500 ni asilimia 2.4. Hapo mnakagua mzigo na mizani siku ile ile, si kwenye kikao cha mwezi ujao.

Mnahitaji pia mratibu anayelipwa. Mwaka 2011 washauri wawili wa Marekani, John Kania na Mark Kramer, walieleza mambo matano yanayowezesha taasisi nyingi kufanya kazi kwa lengo moja: ajenda ya pamoja, vipimo vya pamoja, kazi zinazosaidiana, mawasiliano ya mara kwa mara, na taasisi ya uti wa mgongo, yaani ya kuratibu, yenye watu wake. Hilo la tano ndilo mitandao mingi huliruka, kwa kuwa wafadhili hupenda kulipia vitu vinavyopigwa picha. Mtandao wa Farm to Plate wa jimbo la Vermont, Marekani, ulianza kwa sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo mwaka 2009, na kazi ya uratibu ikakabidhiwa taasisi moja, Vermont Sustainable Jobs Fund. Wanachama walikuja na utaalamu wao, lakini ajenda, kumbukumbu na ufuatiliaji vilikuwa na mwenyewe. Kwa wanachama 14 sisi tunakadiria saa 20 kwa wiki, na nyingi kati ya hizo ni za simu na ziara za kuuliza "ile ahadi imefikia wapi?"

Vikao vikirudi, visizidi dakika 90: dakika 15 za ahadi za kikao kilichopita, 45 za tatizo moja lililoletwa na kundi linaloendesha ule mzigo wa majaribio, 20 za ahadi mpya, 10 za taarifa. Muhtasari uwafikie wajumbe ndani ya saa 48 ukiwa na safu tatu tu: nani, atafanya nini, kabla ya tarehe gani. Dira yenu msiitupe. Itahitajika mtakapokuwa na kazi za kutosha za kuielekeza.

Eneo letu linaweza kujilisha kwa kiasi gani?

*Ofisi ya mipango imetuuliza eneo letu linaweza kujilisha kwa asilimia ngapi. Tunaanzia wapi kuhesabu? Ofisa lishe.*

Anza na walaji, usianze na mashamba. Tuchukue mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 kwa siku. Eneo la watu 100,000 linahitaji tani 40 kila siku mezani. Sasa rudi nyuma hadi shambani: ikiwa asilimia 20 hupotea kati ya kuvuna na kula, tani 40 za mezani zinadai tani 50 za shambani, maana 40 gawanya kwa 0.8 ni 50. Wengi huongeza asilimia 20 juu ya 40, wanapata 48, na tani mbili za kila siku zinatoweka kwenye karatasi. Kwa mwaka ni tani 18,250. Mavuno yakiwa wastani wa tani 20 kwa hekta kwa msimu, unahitaji hekta 912 hivi za msimu mmoja, au 456 za ardhi inayolimwa mara mbili kwa mwaka. Asilimia ya upotevu na mavuno wekeni za kwenu, zilizopimwa. Hizi zetu ni za kuonyesha njia.

Baada ya hapo ugawe kwa miezi, kwa sababu jumla ya mwaka inaficha njaa. Eneo linaweza kuzalisha tani 18,250 zikaingia zote katika miezi mitano, na miezi saba watu wakanunua za mbali. Chora jedwali la miezi 12 kwa kila zao kuu: mstari mmoja wa kinachovunwa, mwingine wa kinacholiwa. Penye pengo ndipo penye kazi ya mtandao, iwe ni kuhifadhi, kusindika, kumwagilia, au kupanda kwa zamu.

Takwimu za kinachoingia kutoka nje mara nyingi hazipo. Wekeni watu wawili kwenye kila lango la soko la jumla kwa siku saba mfululizo, katika misimu miwili tofauti, waandike zao, idadi ya kreti au magunia, na mzigo ulikotoka. Siku saba, kwa kuwa soko la Jumamosi si soko la Jumatatu. Wapimeni magunia kumi kwa kila zao mpate wastani, maana "gunia" la mfanyabiashara huyu si la yule.

Usimwahidi mtu asilimia 100. Mtandao wa majimbo sita ya kaskazini mashariki mwa Marekani, Food Solutions New England, katika dira yake ya mwaka 2014 ulilenga angalau nusu ya chakula kizalishwe ndani ya eneo hilo ifikapo 2060. Nusu, kwa miaka zaidi ya arobaini, na katika eneo lenye fedha na barabara. Tunaupenda uaminifu wa lengo hilo.

Mboga zinaharibika kwenye chumba baridi cha pamoja

*Vikundi vyetu vitano vinatumia chumba baridi kimoja. Tumekiweka nyuzi 5. Matango yanalainika na kuingia mashimo madogo, nyanya haziivi vizuri, majani yanageuka manjano, na karoti zimekuwa chungu. Kila kikundi kinamshuku mwenzake, na wawili wanataka kujitoa. Msimamizi wa kituo.*

Ndugu msimamizi, ziandikie leo hii pande zote tano kwamba hakuna aliyekosea ila ile namba 5 na jinsi mizigo ilivyochanganywa. Tunasema leo hii kwa sababu mtandao unaoweza kutengenezwa kwa kipimajoto hauna haja ya kufa kwa lawama.

Nyuzi 5 za Selsiasi ni baridi mno kwa nusu ya mzigo wenu na ni joto mno kwa nusu nyingine. Matango, bilinganya, nyanya, maembe na ndizi ni mazao ya asili ya joto. Yakikaa chini ya nyuzi 10 hadi 13 kwa siku kadhaa, utando wa seli zake huharibika na maji huvuja. Ubaya wake ni kwamba dalili hazijitokezi ndani ya chumba. Tango linatoka likiwa linang'aa, kesho yake likiwa kwa mnunuzi ndipo linapoingia mashimo na kulainika. Nyanya iliyochunwa kijani ikipigwa na baridi hupoteza uwezo wa kuiva sawasawa. Upande wa pili, majani, kabichi, brokoli na karoti vinataka nyuzi 0 hadi 2 na unyevu wa hewa wa asilimia 95 au zaidi. Vitunguu navyo ni kundi lao peke yao. Vinataka hewa kavu, unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na kwenye chumba cha majani vitachipua na kuoza. Kama vimo, vitoeni leo mviweke kwenye banda linalopitisha hewa.

Manjano ya majani na uchungu wa karoti vinatokana na ethilini, gesi inayotolewa na matunda yanapoiva. Nyanya zinazoiva, ndizi, maembe, tufaha na parachichi huitoa. Majani, brokoli, matango na karoti huumizwa nayo. Karoti ikivuta ethilini hutengeneza kemikali chungu, na hakuna kuosha wala kupika kutakakoiondoa.

Kwa hiyo mnahitaji vyumba viwili: kimoja nyuzi 1 hadi 2 chenye unyevu mwingi, kingine nyuzi 12. Matango kaeni nayo upande wa joto, mbali na nyanya zinazoiva, na yatoke haraka. Ukuta wa kugawa lazima uwe na kizuia joto na kila upande uwe na mashine yake. Pazia la plastiki halitoshi kuzuia joto wala gesi. Kama fedha haitoshi, chagueni kundi moja la mazao chumba kiwe chake, lile jingine liuzwe siku ile ile ya kuvunwa. Na kama mizigo yote inatoka ndani ya saa 24, nyuzi 8 hadi 10 zitavumiliwa na pande zote, ila majani yatapoteza sehemu ya maisha yake.

Kuna jambo la pili ambalo barua yako haikulitaja lakini karibu tuna hakika lipo. Chumba cha kuhifadhi kimetengenezwa ili kitu kilichopoa kiendelee kuwa baridi. Hakikutengenezwa kuondoa joto la shambani. Hesabu ni hii: tani moja ya mboga yenye nyuzi 30, ikishushwa hadi 5, inatoa kilojuli 97,500 hivi (kilo 1,000, mara 3.9, mara tofauti ya nyuzi 25), sawa na kilowati-saa 27. Mashine yenye uwezo wa kupoza wa kilowati 3 itahitaji muda wa saa 9, hata kama mlango haujafunguliwa kabisa na kuta hazipitishi joto. Wakati huo mboga zilizolala humo tangu jana nazo zinapashwa na jirani zao wapya. Kasi ya mboga kupumua, na hivyo kuzeeka, huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda, kwa hiyo kila saa ya uvuguvugu ina gharama.

Dawa yake inaanzia shambani. Vuneni alfajiri, mzigo ukae kivulini, usafirishwe kabla jua halijakolea. Tengeni kona ya kupozea: kreti zenye matundu pande zote, zimepangwa mistari miwili yenye nafasi katikati, turubai juu, na feni mwishoni inayovuta hewa baridi ipite ndani ya kreti, si juu yake. Mzigo ukishapoa ndipo uhamie kwenye rundo la kudumu. Rundo lisiguse ukuta, acheni sentimita 10 angalau. Lisikae sakafuni, liwe juu ya chaga. Lisifike kwenye mdomo wa feni.

Msiamini namba ya mlangoni. Inasoma hewa ya mahali kilipofungwa kipimo. Chukueni kipimajoto cha sindano, mchome mboga ya katikati ya kreti ya katikati ya rundo, asubuhi na jioni, na kuandika kwenye daftari lililofungwa kwa kamba pale pale. Tofauti ikizidi nyuzi 3, hewa haipiti, pangeni upya.

Kwa ajili ya amani, kila kreti iwe na kadi: kikundi, zao, saa ya kuvuna, saa ya kuingia. Iliyoingia kwanza itoke kwanza. Siku malalamiko yakija, kadi itaonyesha kama mzigo ulivunwa saa 12 asubuhi au ulishinda juani hadi saa 8 mchana. Kutoa mzigo pia kuna utaratibu. Mboga baridi zikikutana na hewa yenye joto na unyevu hutoka jasho, na maji hayo ndiyo yanayoalika ukungu. Gari lije kwanza, kisha mlango ufunguliwe.

Hospitali inachelewesha malipo, wakulima wanakimbilia dalali

*Mnunuzi wetu mkubwa ni hospitali. Analipa baada ya siku 30, mara nyingine 45. Bei yetu ni nzuri kuliko ya dalali lakini wakulima wanamwuzia yeye. Mhasibu wa ushirika.*

Dalali anawashinda kwa siku, hawashindi kwa bei. Mkulima mwenye ada ya shule kesho hawezi kula ankara. Mnachokosa ni mtaji wa kuzungushia, na ukubwa wake unahesabika.

Tuseme mauzo yenu ni 100 kwa siku, kwa fedha yoyote mnayotumia. Kati ya hizo 75 ni za mkulima, 20 ni za usafiri, upangaji na ofisi, 5 ni akiba. Mnataka kumlipa mkulima siku ya 7 na wanunuzi wenu wote, hospitali ikiwamo, wanalipa siku ya 30. Mnambeba siku 23: 75 mara 23 ni 1,725. Gharama za 20 mnazilipa papo hapo, siku 30: 600. Hospitali ni nusu ya mauzo na huchelewa siku 15 zaidi: 50 mara 15 ni 750. Jumla 3,075, zaidi kidogo ya mauzo ya siku 30. Kama hamna kiasi hicho au ahadi ya mkopo wa kiasi hicho, msimwahidi mkulima siku 7. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, mtu hurudi kwa dalali, yeye na ndugu zake.

Punguzeni pengo kabla ya kutafuta fedha. Kagueni ankara zenu zilizochelewa, moja moja. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji wa taasisi huanzia kwenye karatasi: namba ya oda haipo, uzito wa ankara si ule wa hati ya makabidhiano, sahihi ni ya mlinzi badala ya mpokeaji wa stoo. Ankara itoke siku ile ile ya kupeleka mzigo, na ulizeni tarehe ambayo uhasibu wa hospitali huandaa malipo. Ankara inayofika siku moja baada ya tarehe hiyo inasubiri mwezi mzima.

Mkulima alipwe kwa awamu, nusu mzigo ukipokelewa na nusu iliyobaki siku ya 14, tarehe ikiwa imeandikwa kwenye stakabadhi. Tafuteni wanunuzi wadogo wanaolipa kwa wiki, mpaka hospitali ishuke chini ya theluthi ya mauzo. Na mfuko huu uwe na akaunti yake, wenye sahihi wawe watu wasioendesha magari wala ghala. Mifuko ya kuzungusha haifilisiwi na wanunuzi peke yao. Inafilisiwa na injini iliyokufa siku ambayo fedha pekee iliyokuwapo ilikuwa ya wakulima.

Sisi wakulima tunakaa kimya

*Mimi ni mmoja wa wakulima watatu kwenye kamati ya watu 15. Vikao vinafanyika mchana wa siku ya kazi, nyaraka tunazikuta mezani, na mfadhili akishasema hakuna anayepinga. Je, tudai nini? Mjumbe wa kamati.*

Dai mambo manne, kwa maandishi, na uwaombe wenzako wawili watie sahihi nawe.

Viti kwanza. Watatu kati ya 15 hawawezi kuzuia chochote. Ombeni theluthi, yaani watano, wachaguliwe na vyama vya wakulima wenyewe, wasiteuliwe na mratibu. La pili ni gharama. Kila anayekaa pale analipwa mshahara na mwajiri wake wakati anazungumza, mkulima anaacha shamba. Nauli na fidia ya siku zitolewe mkononi siku ile ile. La tatu ni nyaraka: ziwafikie siku tano kabla, katika lugha mnayoitumia nyumbani, ili mzijadili na waliowatuma. La nne ndilo lenye uzito. Kanuni iseme kwamba uamuzi wowote unaohusu bei, daraja la mazao au siku za malipo haupiti bila theluthi mbili ya viti vya wakulima, na kwamba mfadhili anahudhuria na kusema, lakini hapigi kura.

Ulizeni pia kamati yenu ina mamlaka gani, maana watu huchoka wakidhani wanaamua kumbe wanashauri. Mabaraza ya sera ya chakula yalianza Knoxville, Tennessee, Marekani, mwaka 1982, na mengi yaliyofuata ni ya ushauri. Baraza la Toronto, Kanada, lililoanza 1991 liliwekwa chini ya bodi ya afya ya jiji, kwa hiyo ushauri wake ulikuwa na mlango wa kupitia. Belo Horizonte nchini Brazil walikwenda mbali zaidi mwaka 1993, wakaunda idara ya manispaa yenye bajeti na watumishi wake. Njia zote zina kazi yake, ila mjumbe ajue amekaa kwenye ipi.

Lori letu linarudi tupu

*Tunapeleka mazao kilomita 180 na kurudi tupu. Mafuta yanatumaliza. Msafirishaji.*

Kilomita 360 zinalipiwa na mzigo wa kilomita 180, hakuna bei itakayovumilia hilo kwa muda mrefu. Tafuta mtandao mwingine ulio upande wa pili wa njia yako. Rede Ecovida, mtandao wa wakulima wa kilimo hai kusini mwa Brazil ulioanza 1998, uliunda mizunguko ya malori kati ya maeneo yake. Wa nyanda za baridi wanapeleka mazao yao, lori linarudi na matunda ya ukanda wa joto, na yapo makubaliano kwamba anayeuza kwa wenzake naye ananunua kutoka kwao. Kila eneo likawa na aina nyingi za chakula kwenye meza zake za soko bila kulima kila kitu.

Kabla ya kumwita mshirika, pima mambo mawili. Je, mzigo wa kurudi unakubali joto lile lile na gari lile lile? Ndizi zinazoiva zikirudi kwenye bodi iliyobeba majani asubuhi, osha bodi na uipitishie hewa kwanza. Na je, atakuwa tayari saa ile unayoshusha? Ukimsubiri kwa muda wa saa nne umemlipa dereva na umechelewesha mzigo wa kesho. Anza na safari moja kwa wiki, siku isiyobadilika, na gharama ya safari nzima igawanywe kwa kilo zilizobebwa kila upande mara kilomita zilizosafiri. Oda zifungwe saa 48 kabla ya lori kuondoka, na asiyejaza nafasi aliyoiwekea oda alipie nusu ya nafasi hiyo.